Siku Bibi Alipokaa Chini Kunyolewa

Nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa galoni ndogo, sijafikia kukabidhiwa ndoo, wakati kijiji chetu pembeni ya Newala kilipoamua kwamba Bi Somoe anafuga ndondocha. Kwa asiyewafahamu, ndondocha ni mtu aliyekufa akazikwa na kuliliwa, kumbe mchawi amemficha na anamtumikisha usiku. Hasemi, maana amekatwa ulimi. Ndivyo tulivyoambiwa, na sikumbuki mtoto aliyethubutu kuuliza nani alishuhudia.

Chanzo kilikuwa maji. Huku juu hatuna mto. Mvua ikinyesha unavuna maji ya bati yanaingia kwenye kisima kilichosakafiwa uani, na yakiisha unashuka bondeni kuteka, halafu unapandisha mlima na shingo imezama mabegani. Kiangazi kile visima vya wengi vilikauka mapema. Cha Bi Somoe hakikukauka. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, anaoga kwa kopo moja, na mfuniko wa kisima chake ulikuwa na kufuli. Mimi leo ni mama wa watoto wanne, najua nyumba ya watoto inavyokunywa maji, na sioni muujiza wowote hapo. Lakini watu wazima wa wakati ule walipata jibu lao: ndondocha wanamtekea usiku, ndiyo maana asubuhi njia ya kwake ina unyevu.

Kwanza yalikuwa maneno ya pembeni tu. Hata bibi yangu, aliyenilea na aliyepakana naye ua kwa ua, alikuwa akimtania. "Somoe, waambie watu wako wa usiku wanijazie na mimi pipa," anasema. Na Bi Somoe anajibu, "Wako likizo, Mama Rozi. Siku hizi hata ndondocha wanadai likizo." Rozi ni mama yangu, wakati huo alikuwa Masasi akitafuta maisha. Basi wawili hao wanacheka mpaka wanashika viuno. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, Bi Somoe mtu wa msikiti, na ua wao ulikuwa na pengo la kupitishia moto na chumvi.

Halafu mtoto wa Mama Hadija akafa kwa homa. Alikuwa mdogo kuliko mimi, na alipenda kwenda kwa Bi Somoe kuomba maji ya kunywa. Baada ya mazishi hakuna aliyecheka tena. Wazee wa kijiji wakakubaliana aitwe mganga wa kunyoa.

Kunyolewa kwa huku kwetu kulikuwa hivi. Anayetuhumiwa anakaa chini mbele ya watu, mganga anamnyoa nywele zote, anazichanganya na dawa, na mtuhumiwa anapewa anywe. Ikisemwa kwamba amesafika, anaachwa, lakini jina limeshakaa. Akikataa kunyolewa, basi amekiri. Hakuna mlango wa tatu. Nimeufikiria mpango huo kwa miaka mingi na sijaona mahali ambapo mtu asiye na kosa angeweza kupenya.

Jumapili iliyotangulia, mwalimu wetu wa kanisa alifundisha juu ya kutokuhukumu. Alifundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema mwenye kumpima mwenzake ajue naye yuko kwenye mizani, na kwamba mbele ya Mungu hakuna wa kukaa kiti cha mbele. Watu walisema amina kwa sauti. Mama Hadija naye, aliyebaki mtu wa kanisa ingawa aliolewa na Mwislamu, alisema amina, akiwa bado na kaniki ya msiba.

Tulipotoka, bibi alimfuata mwalimu pale mlangoni.

"Mwalimu, siku ya kunyoa utakuja?"

"Mama Rozi, nikija mimi itaonekana kanisa linashiriki mambo ya waganga."

"Uje ukatae, basi."

"Nikikataa mbele yao watasema kanisa linaficha wachawi." Alitazama chini. "Tuombe."

Njiani bibi alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida, na mimi nikadhani nimekosa kitu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, uwanjani, watu wamejaa kama siku ya mnada. Nilitarajia mganga awe mzee wa kutisha. Alikuwa kijana aliyenyoosha shati kwa pasi, na wembe wake ulikuwa mpya, bado kwenye karatasi yake. Bi Somoe alikuwa ameshakaa kwenye mkeka. Alitazama mbele tu. Kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati.

Ndipo bibi akatoka kwenye kundi la kina mama. Akafungua kilemba chake, akakikunja kwa utaratibu kama nguo ya kuweka kabatini, akakaa mkekani kando ya Bi Somoe.

"Anza na mimi," akamwambia mganga.

"Bibi, shikamoo. Wewe hujaitwa."

"Marahaba. Ya moyoni mwa huyu siyajui, wala hawa hawayajui. Ya moyoni mwangu nayajua, na si masafi. Kama wembe wako unasafisha, anza na mimi. Wakimaliza kunitazama, mwingine ajitazame, aje."

Kwa kitambo kidogo niliamini kwamba bibi ameshinda. Nadhani naye aliamini. Kina mama kadhaa wa kanisa waliinamisha vichwa, na mmoja aligusa kilemba chake kama anayetaka kukifungua.

Halafu Mama Hadija akasema, kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka imekauka, "Kumbe wako wawili."

Mganga alikuwa mwepesi. Alinyanyua ule wembe juu. "Mnaona wenyewe? Sijafungua hata kibuyu. Dawa imeanza kuwatoa."

Hapo ndipo bibi alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu aliyekaa kanisani kwa muda mrefu. Kanisani, anayejitokeza mwenyewe anahesabiwa mnyenyekevu. Mbele ya mganga, anayejitokeza mwenyewe amevutwa na dawa. Bibi aliijua imani hiyo tangu utoto wake, lakini siku ile aliisahau, au alidhani wenzake wa kanisani nao wataisahau. Yule mama aliyekuwa ameshika kilemba chake alikikaza vizuri, akarudi nyuma ya mwenzake.

Waliwanyoa wote wawili. Bibi alinyolewa kwanza, kama alivyoomba. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na chenye rangi tofauti na uso. Nililia. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akaniambia nisilie, watanidhania na mimi nimefundishwa uchawi. Nikaacha kulia.

Jioni Bi Somoe alikuja kwenye pengo la ua, akasimama upande wake.

"Mama Rozi, umeniua."

"Nilitaka usikae peke yako."

"Ningekaa peke yangu, ningenyolewa, ningekunywa uchafu wao, wangechoka. Mjane mmoja mwenye kisima. Sasa wanasema tuna chama. Chama hakinyolewi kikaisha, Mama Rozi. Chama kinafukuzwa."

Haikuchukua muda. Mtu alivunja kufuli akamwaga salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, kwenye kisima. Tulikuta unga wa manjano umetanda juu ya maji, na harufu yake imeenea uani. Maji yote yale, katika kiangazi kile, na hakuna aliyeweza kuyanywa, hata walioyatamani. Bi Somoe akafunga vyombo vyake akaenda Masasi kwa binti yake. Kanisani, benchi alilokaa bibi lilibaki na nafasi kulia na kushoto. Walimwondoa kwenye zamu ya kufua vitambaa vya altare bila kumwambia. Alifika akakuta vimeshachukuliwa. Aliwasalimu wote kama kawaida, akianza na Mama Hadija. Mama Hadija aliitikia siku nyingine, siku nyingine hakuitikia. Sikuwahi kumsikia bibi akimsema vibaya. "Amezika mtoto," alikuwa akisema, basi.

Mama yangu alikuja kunichukua. Alimsihi bibi tuondoke wote. Bibi akasema akihama watasema dawa imemfukuza. Alibaki, akaja kufia pale pale kijijini.

Nikiwa kidato cha pili nilimkuta Bi Somoe hapa Mkomaindo, Masasi, ameketi kibarazani kwa binti yake akichambua mchicha. Nywele zilikuwa zimeota, nyeupe tupu. Nilimwamkia, nikajitambulisha, na kwa kuwa nilikuwa nimelibeba swali hilo muda mrefu, nikamuuliza kama alimsamehe bibi.

"Bibi yako alikuwa mtu mwema. Hakunihukumu hata siku moja, na hao ni wachache," akasema. "Lakini tulikuwa na pengo kwenye ua. Usiku ule wa kabla ya kunyolewa alikuja kuchukua moto, akakaa, akaondoka. Hakuniuliza."

Nilifundishwa, na nawafundisha wanangu, kwamba kujishusha ni kukaa chini pamoja na aliyeonewa. Sasa nimeongeza kwamba kwanza umuulize kama anataka ukae. Nimefanya hivyo mara kadhaa hapa mtaani, kwa wanawake wanaosemwa hili na lile. Nakwenda, nabisha hodi, nauliza nifanye nini. Karibu kila mara wananiambia hakuna. Basi nakaa kidogo kama wamenikaribisha, kisha narudi kupika.