Simu Zilizowakatikia Wenye Adabu

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio, si simu. Nilikuwa na darasa la nne tu, na ofisi kuu ya ushirika wetu wa kahawa pale Moshi mjini ilitaka mtu wa usafi. Kabla ya saa nne mwendeshaji wa simu akaugua. Msimamizi wa Ofisi, mama asiyecheka ovyo, akaniita.

"Unajua kusikiliza?"

"Najua."

"Weka ufagio. Kaa hapa."

Nikakaa. Ninyi mliozaliwa na simu mfukoni niwaeleze: swichibodi ni meza ya kuunganishia simu. Ile ya kwanza ilikuwa ya nyaya. Mtu akipiga, kijitaa kinawaka, unachomeka waya, unamuuliza anamtaka nani, unachomeka wa pili. Msimamizi alinikataza kuchomoa waya kabla wote wawili hawajaagana, na alinikataza kusimulia niliyoyasikia. Hayo mawili niliyashika.

Walinihamishia tawi la Bomang'ombe, kwa Meneja wa Tawi aliyepiga kelele hata bila simu. Baadaye Tarakea, kwenye baridi, ambako Meneja alikuwa mpole hadi watu wakamchukulia poa. Mwisho nikarudishwa ofisi kuu, na huko ndiko nilikokaribia kufukuzwa.

Ilikuwa hivi. Ofisi kuu iliweka simu za intaneti. Sauti yako inakatwakatwa vipande vidogo, vinapita kwenye intaneti, halafu kwenye kila tawi kuna kisanduku kinachovipokea na kuvigeuza viingie kwenye simu ya mezani, ile ya waya. Matawi yetu yalikuwa bado na simu za mezani. Mambo yakaenda vizuri, ila sauti ikaanza kupotea. Simu haikatiki, taa inawaka, lakini upande mmoja unakuwa kimya kama kaburi.

Aliyeumia zaidi ni Mzee Mwenyekiti wa ushirika. Yeye akimpigia Karani wa tawi la Tarakea anaanza na hali ya migomba, ng'ombe, mvua, ndipo afike kwenye kahawa. Akimaliza anauliza, "Umenielewa?" Kimya. "Haloo! We Karani!" Kimya.

Akaja mlangoni kwangu na fimbo yake. "Mama Aika, mbona unanikatia?"

"Sijagusa kitu, Mzee."

"Basi ni nani? Shetani?"

Wakaja mafundi wawili. Mmoja akaenda Tarakea, mwingine akabaki nasi. "Haloo, moja mbili tatu, unanipata?" "Nakupata, kaka, wewe je?" Wakapiga soga nusu saa bila kunyamaza, sauti safi. Wakaandika kwamba mtambo ni mzima na mwendeshaji hana elimu ya vifaa vipya.

Meneja Mkuu akaniita. "Mama, umetumika sana. Ijumaa ukabidhi kiti."

Sikulia. Lakini nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na sikutaka wajukuu waambiwe bibi yao aliondolewa kwa kukata simu za watu.

Jumatano akaja Mhandisi wa Mawasiliano, mama wa makamo, mzaliwa wa Pasua hapa hapa mjini, amejitanda ushungi wake vizuri. Mafundi walikuwa chini yake. Nilidhani atafungua vifaa. Hakufungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akavuta kiti, akakaa kando yangu asubuhi nzima. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Zinazopotea sauti ni za nani, na zisizopotea ni za nani?"

Nikamwambia. Za Mwenyekiti zinapotea. Za Afisa Usafirishaji hazipotei hata siku moja, maana yeye na madereva wanagombana, kila mmoja anamrukia mwenzake.

"Na Karani wa Tarakea hufanya nini Mwenyekiti akiongea?"

"Ananyamaza. Wewe ungemkatiza mzee anayekuuliza habari za ng'ombe wako?"

Akaacha kuandika. Akanitazama. "Mama, hebu rudia."

Tukampigia Karani. Nikamwambia nitaongea, naye asitoe hata mguno mpaka nimwite. Nikamweleza jinsi ya kupika kitawa, ndizi na maziwa, bila haraka. Kisha nikamwita. Hakusikika! Tukampigia tena, safari hii aitikie "eeh, eeh" kama vijana wa mjini. Nilipomwita, sauti yake ikaja.

Mhandisi akacheka hadi akashika meza. Akanieleza. Kile kisanduku cha tawini kilipangwa kibane matumizi ya intaneti: mtu akinyamaza, kisitume chochote. Na mtambo wa ofisi kuu ulipangwa kwamba upande usiotuma chochote kwa nusu dakika umeshaondoka, ufungiwe njia. Kwa hiyo kila aliyesikiliza kwa heshima alihesabiwa hayupo.

"Mafundi wangu wasingeliona," akasema. "Walikuwa wanaongea tu."

Akabadilisha mpangilio, ukimya nao ukawa unasafirishwa. Hata leo ukisikia mvumo mdogo mwenzako akinyamaza, ujue njia iko wazi.

Kisha akachukua karatasi ya ripoti. "Jina lako kamili, mama?" Akaandika kwamba chanzo kimegunduliwa na mwendeshaji wa swichibodi. Meneja Mkuu alipoisoma, habari ya kukabidhi kiti ikaishia hapo. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wenye vyeti ukutani. Huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote, maana elimu yake haikumzuia kuuliza.

Ijumaa nilifika mapema kuliko kawaida. Mzee Mwenyekiti akaja mlangoni. Hakuomba radhi, wazee wetu hawajazoea. Akasema, "Mama Aika, niunganishie Tarakea." Nikamuunganisha. Akaanza na migomba.

Nimestaafu sasa, niko nyumbani na ng'ombe wawili. Mkipeleka mtambo mahali, kaeni kwanza na yule anayeutumia kutwa. Mimi kiti kile nilikikalia miaka yangu mitatu yote, nikakikabidhi mwenyewe siku ya kustaafu, nikiwa nimekifuta vumbi.