Niliandika nyumba zimefungwa, sasa kijiji kinataka mimi ndiye niwasemee

Admin, nifichie jina, maana huku Mtwara tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 47, nina mke na watoto, naishi Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Nimesomea uchumi, nikafanya kazi serikalini miaka mingi, kisha nikaacha. Sasa nina safu gazetini kila Jumanne, nawatetea wakulima, na watu wananipenda kwa hilo. Ila safu hailishi familia. Kinachonilisha ni kazi ya mshauri elekezi, yaani kuyaandikia makampuni ripoti zisizo na jina langu.

Mwaka jana kampuni moja ilinituma nikakague kitongoji kimoja upande wa Msimbati, walitaka eneo la kujenga maghala. Kitongoji hicho ndiko nilikolelewa na mama mdogo baada ya mama kufariki. Nilipaswa kukataa pale pale. Sikukataa. Nilifika wakati watu wamehamia mashambani kuokota korosho, kama tunavyofanya kila msimu, wanalala huko huko wiki kadhaa. Nyumba zote zilikuwa na kufuli, hata ya mama mdogo. Nikapiga picha, nikaandika: "Nyumba nyingi zilikutwa zimefungwa na hazina watu." Uongo hapo haupo. Ila sikuandika kwamba ulikuwa msimu wa korosho, na nilijua kabisa kwa nini naacha. Kampuni haikutaka ripoti yenye maswali, na mimi nilitaka waniite tena.

Na kweli waliniita tena. Mwezi huu barua ya halmashauri imefika kijijini: ripoti ya ukaguzi inaonyesha eneo halina wakazi, litapewa mwekezaji, mwenye pingamizi aseme kwenye mkutano Jumamosi hii.

Mama mdogo akanipigia. "Mwanangu, tumekaa na mwenyekiti, tumekubaliana wewe ndiye utusemee. Wewe wanakusikiliza, unaandika gazetini." Nikamwambia nimebanwa na kazi. Akasema, "Kazi gani inazidi hii? Nikitolewa hapa naenda wapi na miguu hii?" Nikakubali, nikakata simu haraka. Yeye akadhani ni uchungu wa kijiji.

Tangu siku hiyo mke wangu namkaripia bila sababu. Nikiipinga ripoti bila kusema ni yangu, watu wa kampuni watakuwepo na wataniumbua mbele ya wote. Nikikiri, makampuni yatanikimbia na gazeti halitanitaka. Nikikaa kimya, nyumba ya mama mdogo inakwenda.

Jana kapiga tena. Hana hasira hata kidogo, na ndicho kinachonimaliza. "Huyo aliyeandika yale makaratasi umtafute, uje naye Jumamosi. Simfanyi kitu. Nataka nimuulize tu, kwani yeye msimu wa korosho mama yake alikuwa anakaa wapi?"

Nimemjibu nitamleta.

Ndugu zangu, Jumamosi ni keshokutwa. Matusi nitayapokea, nayastahili, lakini niambieni: naanzaje kusimama mbele ya yule mama?