Kidole cha Mama Mkwe

Leo tumemzika mama mkwe hapa Rongo, na nimekiri mbele ya jeneza: mimi ndiye niliyemvunja kidole.

Miaka ya tisini, binti yangu Akinyi alizaliwa na mdomo uliopasuka, akashonwa. Daktari alisema maziwa tu, kwa kikombe, kidogo kidogo.

Siku ya tatu baada ya kushonwa nikamkuta mama mkwe amembana mtoto pua, anamsukumia uji kwa kiganja, vile tulivyolishwa sisi sote.

Nyuzi zinavuja damu!

Nikampiga mkono kwa mwiko, mara mbili. Mfupa ukalia.

Leo nilingoja matusi. Akinyi akanitazama.

"Lakini Mama, dana alituambia alikanyagwa na ng'ombe!"

Nyanya yake alimsingizia ng'ombe miaka yote hiyo, ili mimi nisiaibike.

Nani mwingine amesitiriwa hivi na mkwewe?