Rota Mbili Mikononi

Kuna watu wa Kajiado ambao mpaka leo wakiniona wanashika mifuko ya suruali zao na kucheka, kwa sababu siku ile niliaibika mbele ya soko zima nikiwa nimesimama kando ya polisi, tena nikijiona nimekuwa mtu wa maana.

Nilikuwa nimetoka Rombo asubuhi bila mpango wowote. Nilichoka kumwagilia vitunguu vya mtu (shule niliiacha darasa la sita, na si masomo yaliyonishinda, ni kukaa mahali pamoja), basi nikasimama kando ya barabara, na pikapu iliyojaa mbuzi ikapunguza mwendo. Mwenyewe alikuwa Mzee Abdi, Msomali mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Kitengela na familia yake kutoka Garissa. Hakuniuliza naenda wapi. Aliniambia tu, "Panda nyuma. Ukiona mbuzi amelala, msimamishe, asikanyagwe na wenzake."

Tulifika Kajiado mchana, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, mzee akaegesha karibu na soko aende msikitini. "Kaa na gari," akaniambia. "Wezi wamezidi."

Na kweli walikuwa wamezidi. Miaka ile ya tisini pikapu ilikuwa inalala Kitengela na kuamka ng'ambo ya mpaka, imeshapakwa rangi nyingine. Ndiyo maana siku hiyo polisi walikuwa wameitisha mkutano pale sokoni, na sajenti mmoja mnene alikuwa amesimama mbele ya Landrova yao akiongea kwa kipaza sauti: mtu akiegesha gari afungue boneti, atoe rota, aiweke mfukoni. (Rota ni kile kidude kidogo cha plastiki kinachogawa moto kwa plagi, na bila hicho injini itazunguka mpaka betri ife na gari lisiwake.)

Mimi nikisikia watu wamekusanyika mahali, miguu hainitii. Nilitaka kusogea nisikie vizuri, lakini nilikuwa nimeachiwa gari. Nikajiambia, si serikali yenyewe imesema? Nikafungua boneti, nikatoa rota ya Mzee Abdi kama nilivyowaona mafundi wa barabarani wakifanya, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu mkutanoni nikiwa na amani kabisa, kwa sababu gari halingeweza kwenda popote. (Mbuzi sikuwafikiria hata kidogo.)

Ningesimama nyuma kama watu wengine, mkasa ungeishia hapo. Lakini sajenti akauliza nani anaweza kuja kuwaonyesha wenzake, na mkono wangu ukawa juu kabla sijaushauri. Nikaitwa mbele, nikainama kwenye Landrova ya polisi, na kabla watu hawajamaliza kusogea nikawa nimeishika rota yao juu.

"Haraka namna hiyo?" akauliza mama mmoja muuza kabichi aliyekuwa mbele kabisa. "Umezoea wapi, kijana?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Bado tulikuwa tunacheka Mzee Abdi alipotokea nyuma ya umati, kofia mkononi, jasho likimtoka. "Afande, gari yangu imeguzwa. Haiwaki. Na kijana niliacha hapo amepotea."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili. Badala ya kumwita mzee polepole, niliingiza mkono mfukoni nikatoa rota yake nikaiinua nimwonyeshe kwamba iko salama, na mkono wa pili bado ulikuwa umeishika ile ya Landrova. Nilisimama hivyo, rota mbili juu, kama mtu anayeuza vipuri.

"Hata ya polisi amechukua!" mtu akapiga kelele.

Hakuna aliyecheka tena. Yule mama wa kabichi akainama, na aliposimama alikuwa na jiwe. "Pikapu ya bwanangu ilienda hivi hivi," akasema, bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Wengine nao wakainama. Sajenti akanishika kola, lakini alikuwa mmoja na soko lilikuwa limejaa. Nilitaka kueleza, lakini nani angenisikiliza? Kukimbia pia nilifikiria, ila nilijua anayekimbia sokoni ameshahukumiwa.

Mzee Abdi akapenya mpaka mbele. Hakunitukana. Aliniuliza, "Mbuzi wako wapi?"

"Wako kwa gari."

"Wote?"

"Wote, mzee."

Akawageukia watu. "Haya, niambieni. Huyu ameacha mbuzi wa gari nzima bila mtu, akachukua plastiki. Hapa kwenu mshaona mwizi kama huyo?"

Kisha mzee mmoja wa Kimaasai, ameegemea fimbo yake, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapana. Mwizi ako na akili. Huyu ni mjinga tu. Mwachilie."

Kicheko kikalipuka, mawe yakaanguka moja moja. La yule mama ndilo lililoanguka mwisho. Nilirudisha rota zote mbili, na mara ya kwanza nikazibadilisha, ikabidi nianze upya huku soko zima likinielekeza.

Njiani kwenda Kitengela nililia kidogo kati ya mbuzi. Mimi niliokolewa na ujinga wangu na wale mbuzi walionitolea ushahidi. Nikawaza juu ya vijana wengine waliowahi kuzungukwa na mawe hivyo, ambao hawakuwa na hata mbuzi mmoja wa kuwatetea.

Jua likizama tulifika kwa Mzee Abdi. Alinionyesha stoo ya nyasi, akanipa mkeka, akasema nitalala hapo mpaka nijue ninakoenda. Kisha akarudi kwenye pikapu, akafungua boneti, akatoa rota. Nilitazama chini. Akaja akaiweka kwenye kiganja changu.

"Mchana ulijituma mwenyewe," akasema. "Sasa nimekutuma mimi."

Nililala nimeishika mkononi, wazi, mtu yeyote angeiona. Cha mtu mfukoni mwangu hakijaingia tena, hata kwa nia njema.