Siku Niliyoshtaki Kitambaa kwa Kosa la Kurefuka

Waliokuwepo dukani siku ile nawataja wote mapema, asije akatokea mtu akasema nimepunguza mashahidi kwa kuona haya: Mzee Salum bin Nasoro mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Omani na yeye mwenyewe hajavuka Pangani, Mama Chausiku, jirani yangu hapa Mabawa, mtu mwema ila habari haimlali tumboni, nesi Rehema, aliyekuja kununua kitambaa cheupe cha gauni la kazini, mtu na mkewe kutoka Mwera, waliokuwa wanachagua mashuka, mdogo wangu Fatuma, ambaye hakuwahi dukani, alitukuta njiani akihema, na mimi Mwanakombo, fundi cherehani, niliyeipika aibu ile mwenyewe, nikaipakua, nikaila mbele za watu.

Mimi ni wa kwanza kati ya wanne. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa na miaka kumi na tano, nikaacha shule Ijumaa, Jumamosi nikakaa kwenye cherehani yake, na tangu hapo sikuinuka ila kwa kupika na kuswali. Wadogo zangu watatu nimewalea kwa cherehani ile, nimewasomesha, nimewaoza. Kwa hiyo nyumbani kwetu nilikuwa nimezoea kwamba nikisema jambo, limekwisha, hata kama nimelisema vibaya (wadogo zangu watawaambia hilo, msiwaulize sana).

Nilikuwa pia mrefu. Wanaume wengi wa Mabawa walinitazama kwa kuinua kidevu, na watoto waliniita Mlingoti, nikijifanya nimekasirika lakini moyoni nafurahi. Mtu asiye na baba wala mama, wala cheti, wala kiwanja, akiwa na urefu anajiona ana kitu.

Sasa fundi wa miaka mingi hana haja ya daftari. Vipimo vya mtaa mzima nilikuwa navyo kichwani, viuno, mabega, mikono, na nani kanenepa tangu Idd iliyopita. Vyangu mwenyewe nilivipima mara moja tu, nikiwa msichana wa miaka ishirini: kutoka begani mpaka kisiginoni, inchi hamsini na tano. Ikawa hivyo, kama jina. Nani anarudi kila mwaka kuuliza jina lake?

Mnaikumbuka ile miaka ya foleni, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na kitambaa kikija ni jora la aina moja kwa mtaa mzima, kwa karatasi ya balozi, mpaka ukikutana na watu sokoni unadhani ni wanafunzi wa shule moja. Halafu ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa mpaka barazani, vitambaa vya kung'aa, vya kuteleza, vya maua makubwa kama sahani, na sisi tuliozoea kukosa tukawa hatuamini kupata. Mimi nilikuwa nimeshaona shati jipya likafuliwa mara moja likamfaa mtoto. Nimeshaona betri inayokufa ikiwa bado kwenye karatasi yake. Basi nikaweka akilini kwamba kitu chochote kilichoingia baada ya ruksa kina hila ndani yake, kazi yangu ni kuitafuta.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Zuhura, mtoto wa Fatuma. Sare ya upande wetu ikawa kijani, kitambaa chote cha jora moja kutoka kwa Mzee Salum, na mimi nikashona magauni kumi na mawili. Kumi na moja nilishona yakawakaa wenyewe kama yamezaliwa nao. La kumi na mbili lilikuwa langu, la kwanza kujishonea kwa miaka mingi, maana nyumbani najifunga kanga. Nikalivaa siku nne kabla ya harusi, nikatazama chini, nikaona miguu yangu haipo. Gauni limelala sakafuni kwa inchi tatu nzima, linanifuata nyuma kama maji ya kudekia.

Hapo mtu mwenye akili angechukua futi kamba akajipima. Mimi akili nilikuwa nayo, ila nilikuwa pia na miaka thelathini na mitatu ya ufundi. Nikajiambia, inchi hamsini na tano nimezikata mwenyewe, fundi hajakosea, kwa hiyo kitambaa kimerefuka. (Magauni kumi na moja ya jora lilelile hayakurefuka, hilo nililiona, nikalipatia jibu papo hapo: langu nililikata kuelekea mwisho wa jora, na mwisho wa jora ndiko wanakoficha ubaya. Nilijisifu kwa kuwaza hivyo, nawaambieni kweli.)

Uamuzi wa kwanza, basi, ulikuwa huo wa kutojipima. Uamuzi wa pili ni kwenda dukani nimelivaa gauni lenyewe, kama ushahidi. Nikatupia baibui juu, nikatoka Mabawa mpaka mjini, huku pindo chini linazoa vumbi, maganda ya machungwa, na maji ya wauza samaki, na kila aliyeniambia dada nguo inaburura nikamjibu kwamba najua, na nampelekea mwenyewe.

Nikaingia dukani bila hodi. Shikamoo niliitoa, lakini niliitoa kama mtu anayetupa ganda. Mzee Salum akaitika marahaba, akauliza habari za maandalizi. Nikafungua baibui, nikamwonyesha sakafu. Nikasema kitambaa chake kinarefuka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema katika miaka yake yote amesikia kitambaa kinachosinyaa, kinachochuja na kinachochanika, ila kinachokua hajapata. Mama Chausiku akacheka. Ningemjua shetani wangu ni nani, ningemwona katika kicheko kile, maana ndicho kilichonipandisha sauti.

Mzee Salum akatoa yadi yake ya chuma, akakata mabaki ya jora mbele yetu, akapima, akanipa na mimi nipime. Kila kitu sawa. Basi hapo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka usiku nafunika uso kwa shuka.

"Basi yadi yako ndiyo mbovu, Mzee Salum. Na Mungu anajua umeanza lini."

Yule bwana wa Mwera akayaweka mashuka taratibu, akamgusa mkewe bega, wakatoka bila kununua hata leso. Mzee wa watu, anayefunga duka kila adhana, anayeongeza vidole viwili juu ya kila yadi ili asije akaulizwa siku ya hesabu, nimemwita mpunjaji mbele za watu. Akaomba futi kamba yangu mwenyewe, ninayoivaa shingoni kama tasbihi, akailaza juu ya yadi yake. Zikalingana inchi kwa inchi, mpaka mwisho.

Nesi Rehema akasema kwa upole, "Dada Mwanakombo, kitambaa kimepimwa, yadi imepimwa. Aliyebaki ni wewe."

Akanisimamisha penye mlango, akashusha futi kamba kutoka begani mpaka kisiginoni. Hamsini na mbili. Nikasema hajui kushika kamba. Akarudia. Hamsini na mbili. Nikasema sakafu ya Mzee Salum imeinuka kwa mchanga wa miaka, nikaona hata Mama Chausiku ananihurumia, na Mama Chausiku akikuhurumia ujue hali yako ni mbaya.

Ndipo Mzee Salum akasema, na hakusema kwa kisasi, alisema kama anayemwambia mtu habari ya msiba.

"Mwanangu, nakujua tangu unakuja hapa na marehemu mama yako. Boriti hii ya mlango, ulipokuwa mkubwa hukuipita hata siku moja bila kuinama. Leo umeingia kwa hasira, kichwa juu, na haikukugusa."

Sote tukaitazama boriti. Ilikuwa palepale, nyeusi, na juu yangu palikuwa na nafasi ya kupita paka.

Mtu mzima mwenye haya angelia, akaomba radhi, akaenda zake. Mimi nikasema nitawaonyesha. Nikarudi chini ya boriti, nikanyoosha mgongo (mgongo uliokuwa unaniuma miaka minne, nikikisingizia kiti), nikainuka kwa vidole vya miguu ili kichwa kiguse. Hakikugusa. Nikajivuta zaidi. Kidole gumba kikashika pindo, gauni likanivuta, nikaanguka mbele kama gunia, nikatanguliza mkono wa kulia. Si kuanguka kwa kutisha. Mtoto angeanguka hivyo akainuka akaendelea kucheza. Mimi nilisikia mkono umelia kacha, kama kijiti cha kiberiti, na majora matatu yaliyoegemezwa kando ya mlango yakanishukia mgongoni kunifunika.

Walioyaondoa majora ni Rehema na Mama Chausiku. Mzee Salum alikuwa anachana kitambaa. Alichana lile jora la kijani, yadi nzima, bila kupima, akanifungia mkono shingoni kwa mikono ileile niliyoiita ya mpunjaji. Teksi hazikuonekana, akasimamisha mkokoteni uliokuwa umebeba magunia matupu, wakaniweka juu, akafunga duka mchana kweupe, akatembea kando yangu mpaka hospitali amenikingia mwavuli, Rehema na Mama Chausiku wakitufuata. Fatuma alitukuta njiani, akapiga mbio nyuma ya mkokoteni akiuliza nani kaniua. Mji mzima wa Tanga, watu na baiskeli zao, wakapisha.

Hospitali wakapiga picha, wakanifunga hogo, chokaa nyeupe kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Wakasema mifupa yangu imekuwa myepesi, na ile ya mgongo imeanza kubonyea yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana nimepungua. Nikauliza nimerogwa na nani. Rehema akaketi karibu yangu kwenye benchi, akasema wanawake wengi huanza hivyo damu ya mwezi ikikatika, ila wengine mifupa yao ilikula vizuri tangu utotoni.

"Ulipokuwa unawalea wadogo zako," akaniuliza, "maziwa alikuwa anakunywa nani?"

"Wao."

"Na dagaa?"

"Wao."

"Na wewe?"

"Mchuzi."

Fatuma akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Sikutaka alie kwa ajili hiyo, maana mchuzi wenyewe ulikuwa mtamu, na mkubwa wa nyumba hali chakula akahesabu minofu. Lakini Rehema alinieleza mpaka nikaelewa: nitafune dagaa na miiba yake, ninywe maziwa, nile kisamvu na mchicha, nitembee kila siku, nisibebe ndoo, na asubuhi uani nikunje mikono ya nguo nipigwe na jua. Jua! Hata katika miaka ile ya foleni, jua ndicho kitu pekee kilichogawiwa Tanga bila karatasi ya balozi, na mimi nilishinda ndani kwenye cherehani nimeligeuzia mgongo.

Harusini nilikwenda. Fatuma, ambaye sikuwahi kumruhusu kugusa cherehani ya mama, alilikata gauni langu inchi tatu na kupiga pindo lililopinda kama njia ya mbuzi. Mkono wangu ulining'inia kwenye kijani kilekile cha sare, na wageni wa bwana harusi kutoka Pemba wakadhani ndiyo mtindo wa kwetu. Mmoja aliuliza kinashonwaje.

Sasa hivi mkono umepona, umekaa kombo kidogo. Kila jioni natembea mpaka Raskazone na kurudi, watoto wakiniuliza Mlingoti nafukuzwa na nani. Dagaa natafuna mpaka vichwa. Na kila anayetaka nguo kwangu, hata niwe nimemshonea tangu yuko tumboni, namsimamisha nampima upya, mimi nikiwa wa kwanza. Nimeapa sitashona tena kwa kumbukumbu.

Hilo nimelitimiza. Lililobaki ndilo gumu. Mama Chausiku siku ile alitoka hospitalini kabla ya alasiri, na katika yote aliyoyaona, lililomtangulia mdomoni ni lile la yadi mbovu. Wale wa Mwera nao walikwenda nalo kwao, maana walitoka kabla haijapimwa. Sasa wanawake wanaingia kwa Mzee Salum na futi kamba kwenye mikoba. Wanapima alichokwisha kupima. Yeye anawaachia, anatazama barabarani, wakimaliza anawafungia vitu vyao na bado anaongeza vile vidole viwili.

Nilimpelekea halua kwa mkono wa Fatuma, na salamu kwamba naomba radhi. Halua akaila, akanirudishia jibu.

"Mwambie dada yako nimeshamsamehe. Lakini alisema dukani."

Nimeelewa. Deni lile halilipwi uani wala kwa sahani. Natakiwa kusimama pale duka likiwa limejaa, niseme kwa sauti ileile kwamba yadi ilikuwa sawa, kitambaa kilikuwa sawa, aliyepungua ni mimi. Maneno machache tu. Nilikwenda mara saba. Kila nikifungua mdomo naona nyuso zile zimenigeukia, nasikia sauti yangu inaomba uzi wa kijani. Mzee Salum ananipa roli moja, ananiuliza kama nakula dagaa, kisha anasubiri, ameegemeza mikono mezani, hana haraka.

Jumamosi iliyopita, mara ya nane, nikakusudia kweli. Duka lilikuwa limejaa mpaka barazani, wanawake wawili wanapima na kamba zao. Nikanyooka kadiri mgongo unavyoruhusu, nikatoa shikamoo ya heshima, nikasema, "Mzee Salum, nina neno." Wanawake wakashusha kamba zao. Wakageuka.

Roli za uzi wa kijani kabatini kwangu sasa ni nane.