Ufito wa Fundi wa Lukozi

Mimi nakusanya vifaa vya zamani vya mafundi cherehani, vile vya mti tu. Vya chuma sivitaki, vinashika kutu, na huku Magamba ukungu hauishi. Ninavyo vibakuli vya mti wa mkulo vilivyojazwa manyoya ya kondoo, vya kuchomekea pini na sindano. Kimoja nilikipata kwa kutoa jogoo, na jogoo mwenyewe kesho yake akarudi kwangu, lakini hayo tuyaache.

Mjane mmoja wa Lukozi alinipa ufito wa kupimia wa marehemu mumewe. Mumewe alikuwa fundi na hakujua kuandika, na mimi mwenyewe naandika kwa shida, basi nilimwelewa. Kila mteja alimkatia chale kwenye ufito: hapa suruali ya mchungaji, hapa mkono wa shati la mwalimu. Zote alizijua kwa kichwa. Mimi nikaona mti mchafu. Nikaupiga msasa, nikaupaka mafuta, nikautundika kwenye msumari ukutani.

Mwaka uliofuata mama yule akaja, kwa bodaboda, na umri wote ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe ule ufito niuguse, halafu utautundika tena."

Akanieleza akiwa amesimama bado. Mwanawe wa pekee alifariki mdogo, na picha yake hana hata moja. Kila Krismasi baba yake alimpima ili amshonee suruali, akakata chale.

"Ziko tano. Siku nakupa sikuzikumbuka. Nimezikumbuka Jumapili, kanisani, mahubiri yakiendelea."

Nikautoa ukutani. Akaupitishia kidole gumba, akaenda mpaka mwisho, akarudi.

"Umeukwangua."

"Nimeusafisha, mama."

"Nani alikuambia ni mchafu?"

Karibu na ncha ilibaki chale moja iliyoingia sana ndani, msasa haukuifikia. Kidole chake kikakaa hapo.

"Ndiye?" nikauliza.

"Huenda ndiye. Huenda ni mkono wa mwalimu."

Akaondoka nao, ameushika mahali palepale.

Siku hizi nikipata kibakuli cha pini chenye jasho la vidole na mafuta ya nywele, nakiacha kilivyo. Wageni wanaotoka kununua jibini Irente hupita kutazama, wananiuliza mbona sivifuti. Nawaonyesha ule msumari mtupu ukutani.