Nilitoboa Siri ya Deki ya Kemunto

Kosa ni langu, na sisemi langu kidogo na la wengine kidogo. Langu lote. Nimeandika haya mara nne na kuyafuta. Leo nayatuma kabla sijabadilisha nia.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, natoa fotokopi kwa duka moja mjini Kisii. Jumapili mimi na wenzangu tulikuwa tunakutana nyuma ya duka kucheza kadi. Si karata za kamari. Ni mchezo ambao unajinunulia kadi moja moja, unabadilishana na wenzako, hadi unajipangia rundo lako la kadi sitini. Hilo rundo tunaliita deki. Mnakaa wanne mezani, kila mtu na deki yake, mnashambuliana kwa zamu, na anayebaki mwisho ndiye ameshinda.

Kemunto ni mimi nilimfundisha. Ni msichana wa Manga, anafanya kazi ya chai upande wa Itumbe. Mama yake ni Msabato wa kweli na hakutaka kuona kadi kwake. Kwa mama, kadi ni kadi, na kadi ni kamari. Kwa hivyo Kemunto alikuwa anaziacha kwangu dukani, kwa droo ya chini.

Mwaka haukuisha, akawa ananishinda. Nilikuwa nampongeza mbele ya watu. Nikibaki peke yangu nachomeka.

Halafu yakatangazwa mashindano ya hapa mjini. Mshindi angepelekwa Nairobi kucheza na wa kaunti zingine, nauli na malazi yamelipwa. Kemunto akaenda akamwambia mama yake ukweli wote kwa mara ya kwanza. Mama akafikiria siku mbili, akamjibu kwamba aende, na akishinda yeye mwenyewe atakuja kuangalia huo mchezo ni nini. Akishindwa, aache kabisa. Kemunto alinieleza haya akicheka, lakini alichanganya kadi zile zile mara tatu.

Akaniomba nimsaidie kufanya mazoezi. Jumapili sita mfululizo, wenzetu wakienda, tunabaki sisi wawili. Hapo ndipo nikaijua deki yake kama ninavyojua mashine yangu ya fotokopi.

Ilikuwa deki ya pole pole. Mwanzoni unaona kama haina nguvu. Askari wake wanakufa, anawaacha wafe. Kisha zamu ya sita anaweka kadi moja inaitwa Bibi wa Ukungu, na wote waliokufa wanasimama mara moja. Umekwisha.

"Hii usiambie mtu," akaniambia. "Wakijua, watanimaliza mapema."

Nikamwambia siwezi. Na siku hiyo nilikuwa nasema ukweli.

Mimi pia nilikuwa nimejiandikisha. Tukafika fainali, tukapangwa meza moja: mimi, Kemunto, Salim na Onchari. Salim familia yao inauza vitambaa mjini. Yeye alikuwa anajenga ukuta wa kadi za kujikinga, anatulia, kisha anakuchoma kwa moto mara moja. Mimi deki yangu ni ya kukimbia, ya kushambulia haraka, na kwa ukuta wa Salim nilikuwa nagonga tu na kurudi. Aliyemweza Salim ni Kemunto peke yake, kwa sababu alikuwa na kadi za kuzima moto. Onchari ni mchongaji mawe kutoka Tabaka, mtu mpole, anacheza na wanyama wakubwa na hana presha.

Kabla ya fainali tulipewa mapumziko. Kemunto akatoka nje kumpigia mama yake simu. Nikamwona kupitia dirishani, anatabasamu. Sijui ni nini kilinishika. Nilimwona tayari yuko Nairobi, na mimi niko hapa nashika karatasi za watu. Nikawavuta Salim na Onchari kando, nikawaambia yote. Bibi wa Ukungu, zamu ya sita, yote. Nikasema tumtoe yeye kwanza, halafu sisi watatu tushindane kama wanaume.

Onchari alitazama chini. Salim akaniuliza, "Una uhakika unataka kutuambia hii?"

Nikasema ndiyo. Nilifikiri hiyo ni njia yake ya kunishukuru.

Tulipoanza, tulimshambulia watatu. Alivumilia, akahesabu, akaacha askari wake wafe kama kawaida yake. Zamu ya sita akaiweka Bibi wa Ukungu. Hapo Onchari akatoa kadi ya kufagia makaburi, wafu wake wote wakaondolewa, akawa ametoka. Hiyo kadi hakuna mtu huiweka mkononi mchezo mzima, labda awe ameambiwa kitu kinakuja.

Kemunto hakumtazama Onchari. Alinitazama mimi. Bibi wa Ukungu hakuwa amewahi kumtoa mbele ya mtu mwingine ila mimi.

Akakusanya kadi zake pole pole, akatusalimia kwa mkono sote watatu, nami pia, akatoka.

Na unajua kilichofuata? Zamu mbili tu! Salim hakuwa na wa kumzimia moto tena. Akanichoma mimi, kisha Onchari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeondoa mezani mtu pekee aliyeweza kumzuia.

Salim akiweka kadi zake kwa mkoba aliniambia kwa sauti ya chini, "Ungenyamaza ningeshindwa leo. Lakini mimi siri yangu siwezi kukupa."

Tangu siku hiyo situlii. Nafungua simu, naandika jina lake, nafunga. Natoa kurasa za mteja mara mbili. Natoka dukani bila kujua naenda wapi, narudi. Jumapili Kemunto haji tena.

Wiki ya tatu nikapanda boda hadi Manga kuomba msamaha. Mama yake akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akanipa chai na ndizi za kuchemsha, akaniambia, "Asante sana mwanangu. Kemunto amesema ni wewe ulifanya aache hizo kadi. Mungu akubariki."

Kemunto alikuwa amekaa pale pale. Nikainywa ile chai yote, nikaaga na maneno niliyoyabeba kutoka mjini bado ninayo.

Kemunto akanisindikiza hadi barabarani. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Kunishambulia ni mchezo," akasema. "Hata mimi ningekushambulia. Lakini wewe ulikuwa umenimaliza kabla hatujakaa mezani."

Nikamuuliza kama atakuja kuchukua kadi zake zilizobaki kwa droo yangu. Akasema mama sasa amefurahi, yeye hawezi kumsumbua tena. Akarudi juu kwa ile njia ya migomba bila kugeuka.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu uliyemfundisha kitu na sasa anakupita, na moyo unakuwasha, mwambie yeye mwenyewe. Mwambie unamwonea wivu. Utaona aibu dakika tano, basi. Usiende kuwaambia wengine pale anapoumia. Mimi nilifanya hivyo, na sasa nina watu wa kucheza nao wengi, lakini hakuna hata mmoja anayekubali kufanya mazoezi na mimi.